Uzi wa wanaosoma mawasiliano, mwaka wa tatu hadi PhD: umejuaje kama ni redio?

Mzee_Antena (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kazi yangu inanilazimisha kusoma maandiko ya utafiti ya vijana wa mawasiliano, wa digrii na wa masta, kutoka vyuo vya hapa nchini na vya jirani. Kichwa huwa ni kilekile: "Mchango wa [jaza chombo] katika kuhamasisha [jaza jambo jema]: Mfano wa Manispaa ya Ubungo." Sura ya pili ina nadharia mbili, mara nyingi upangaji ajenda (vyombo vya habari huwafanya watu waone mambo gani ni makubwa) pamoja na matumizi na kuridhika (watu huchagua chombo kulingana na haja zao). Kila moja imeandikiwa historia yake, nani aliianzisha na mwaka gani, kisha inapotea mpaka sura ya tano inapoitwa kuja kushuhudia kwamba matokeo "yanaendana na nadharia". Katikati kuna hojaji ya watu mia, na wengi wamejibu kwamba redio inasaidia sana. Hitimisho: redio inasaidia sana. Mapendekezo: serikali iongeze bajeti.

Mtu ukimfuata barazani kwake na karatasi mkononi ukamuuliza kama redio inaelimisha jamii, atakujibu ndiyo. Atakujibu ndiyo hata kama redio yake iliisha betri tangu mfungo wa Ramadhani. Hiyo ni adabu kwa mgeni, usiiite data.

Kwa maoni yangu linalomtenganisha mwanafunzi wa masta na wa mwaka wa kwanza ni swali moja: umejuaje kama ni redio? Pengine ni nesi wa zahanati. Pengine ni mama mkwe. Pengine mazao yaliharibika mwaka ule na watu wakaamua wenyewe kupumzika kuzaa. Mwaka wa kwanza mnafundishwa Lasswell, 1948: nani kasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na kwa matokeo gani. Mnaikariri vizuri. Ila kile kipande cha mwisho, matokeo, ndicho kimewatoa watu jasho tangu hapo, na ndicho vijana wetu wanakiruka.

Nitoe mfano wa hapa kwetu, maana watu wanautafuta mbali wakati umelala maktaba.

Julai 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo wa redio, Twende na Wakati. Walio na umri wangu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa malori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu. Mchezo ulitengenezwa kwa mtindo wa Miguel Sabido wa Mexico, aliyekuwa akitunga tamthilia za televisheni miaka ya 1970 akitumia mawazo ya Albert Bandura: msikilizaji anajifunza kwa kumtazama mhusika akilipia matendo yake. Lengo lilikuwa uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI.

Sasa sikilizeni kilichofanyika. Mchezo ulirushwa na vituo saba vya bara. Cha nane, Dodoma, kikaendelea na vipindi vingine hadi 1995. Si kwa hitilafu, ilipangwa hivyo. Wasikilizaji wa Dodoma walikuwa eneo la kulinganishia. Kila mwaka kuanzia 1993 hadi 1997 watafiti walihoji kaya zipatazo 2,750 pande zote mbili. Halafu, na hapa ndipo ninapowavulia kofia, hawakuridhika na majibu ya nyumbani. Walikwenda pia kwenye zahanati na vituo vya afya 79 kuwahesabu na kuwahoji waliofika kuanza uzazi wa mpango kwa mara ya kwanza. Mtu anaweza kumfurahisha mhojaji barazani, lakini hatembei hadi zahanati akakaa foleni ili kumfurahisha mtafiti ambaye hajui hata kama yupo.

Mwaka 1995 Dodoma nao wakaanza kurushiwa, na watafiti wakaangalia kama mabadiliko yatajirudia. Yalijirudia. Makala ya Rogers, Vaughan, Swalehe na wenzao ilitoka 1999. Huyo Rogers ndiye yule wa kitabu cha 1962 cha usambaaji wa mambo mapya mnachokinukuu kila siku bila kujua kwamba mwandishi wake alifanya kazi nchini kwenu.

Kwa hiyo swali langu kwa wana jukwaa: kwa nini mwanafunzi wa Dar anaandika kurasa sita kuhusu uchaguzi wa Marekani na hana mstari hata mmoja kuhusu Dodoma?

Naomba kuwasilisha.

Bao la Kete

Nakaa hapa. Ngoja waje wenye masta zao.

Kinyerezi Mwisho

Mkuu, umeandika vizuri lakini tuambiane ukweli. Hiyo masta ya mawasiliano inalipa nini? Mimi nina digrii yake, niliambulia ukarani. Jirani yangu hajasoma, ana chaneli ya umbea YouTube, anajenga ghorofa. Nyie mnajadili Dodoma ya 1993.

Mzee_Antena

Kinyerezi, nakuelewa, na sitakudanganya kwamba masta itakujengea ghorofa. Kama unataka kushika kipaza sauti, nenda kashike, masta haitakuongezea sauti.

Ila tazama matangazo ya kazi ya mashirika. Wanaotafutwa na kulipwa vizuri ni watu wa ufuatiliaji na tathmini wanaoweza kusema kampeni ya milioni mia tano imebadilisha kitu au imeliwa. Wengi wanaozichukua hizo kazi ni wa takwimu na wa afya ya jamii. Mtu wa mawasiliano anaachiwa kupiga picha za semina na kuandaa bango. Sababu ni hiyohiyo niliyoianzisha: alisoma nadharia kama mashairi ya kughani.

BintiNyegezi

Shikamoo Mzee Antena.

Nina ugomvi na wewe kidogo. Mimi nimemaliza masta, nimefanya utafiti wa maelezo, sikuhesabu mtu. Niliketi na wanawake wauza dagaa mwaloni, nikawasikiliza wanavyoongea kuhusu mikopo ya kwenye simu, nani wanamwamini na nani hawamwamini. Huwezi kuyapata hayo kwa kaya 2,750. Uzi wako unanukia kama vile asiye na eneo la kulinganishia hajafanya utafiti. Nusu ya taaluma yetu umeifungia nje. Stuart Hall alipoandika kuhusu usimbaji na usimbuaji mwaka 1973 hakuwa anauliza redio imeongeza wateja wangapi zahanati. Alikuwa anauliza kwa nini watu wawili wanaangalia taarifa ileile na mmoja anaikubali, mwingine anaigeuza, wa tatu anaikataa kabisa. Hilo nalo ni swali la matokeo, tena gumu zaidi.

Na hiyo Dodoma yako, naomba uniambie: wananchi wale waliulizwa kama wanakubali kuwa eneo la kulinganishia?

Bao la Kete

Hapo sasa. Antena imeyumba.

Mzee_Antena

Marahaba binti yangu. Umepiga panapouma, nikujibu kwa vipande.

La maadili kwanza. Ni hoja ya haki. Utetezi wa kawaida ni kwamba walicheleweshewa tu, hawakunyimwa, na huduma zenyewe zahanatini zilikuwepo pande zote. Utetezi huo unanitosha nusu. Ukiwaza kwamba mchezo ulihusu pia UKIMWI, miaka miwili ni mirefu. Mwanafunzi akileta hiyo hoja kwenye tasnifu yake na akaijadili vizuri, mimi nampa alama.

La pili, hata hesabu zao zina tundu. Dodoma si kipande cha nchi kilichochaguliwa kwa bahati nasibu. Ni eneo kame, lenye maisha yake. Halafu miaka hiyohiyo ndipo nembo ya uzazi wa mpango, Nyota ya Kijani, ilikuwa inasambaa, na kulikuwa na mchezo mwingine wa redio wa uzazi wa mpango, Zinduka. Kwa hiyo anayesema "ni Twende na Wakati" anatakiwa kuzitenga hizo zote. Watafiti walijitahidi. Ila usisome makala yoyote kwa kupiga magoti.

La tatu, kuhusu kuketi na kusikiliza. Sijafungia mtu nje. Moja ya matokeo muhimu ya utafiti ule ni kwamba wasikilizaji walizungumza na wenza wao na marafiki kuhusu uzazi wa mpango, jambo ambalo kabla ya hapo wengi walikuwa hawalisemi. Redio ilifungua kinywa, maongezi yakafanya kazi. Katz na Lazarsfeld walisema jambo la namna hiyo 1955. Na maongezi yale yalikuwaje, nani alianza, kwa utani au kwa ugomvi? Hojaji haiwezi kukuambia. Hapo ndipo ninakuhitaji wewe na dagaa wako.

Ninachokataa ni mtu anayesema "nimefanya utafiti wa maelezo" kwa sababu anaogopa SPSS, programu ya kuchambua takwimu, akahoji watu kumi na mbili kwa dakika kumi na tano kila mmoja.

BintiNyegezi

Hapo kwenye dakika kumi na tano umenishinda. Nakubali.

SautiYaMtaani254

Habari wadau, niko Nairobi, mwaka wa pili wa masta. Niongeze tu kwamba Kenya tulikuwa na michezo ya aina hiyo kabla, mwaka 1987: Tushauriane kwenye televisheni na Ushikwapo Shikamana redioni. Mwalimu wetu huitaja kila muhula.

Swali langu ni hili. Mimi nataka kutumia upangaji ajenda, mitandao ya kijamii na uchaguzi. Mzee anasema tuache nadharia za Marekani?

Mzee_Antena

Hapana, sisemi mziache. Nasema mzisome kama ugomvi ambao haujaisha, msizisome kama aya za kukariri.

Chukua hiyo ya kwako. McCombs na Shaw, uchaguzi wa 1968, mji mdogo wa Chapel Hill. Waliwahoji wapiga kura 100 ambao walikuwa hawajaamua watampigia nani, wakawauliza mambo makubwa ya taifa ni yapi. Kisha wakahesabu vyombo vya habari vilikuwa vinatilia mkazo nini. Orodha mbili zikalingana karibu kabisa. Makala ikatoka 1972 na dunia nzima ikainukuu.

Sasa uliza swali langu. Umejuaje kama ni gazeti? Labda wahariri ndio wanaowafuata wasomaji, si wasomaji kuwafuata wahariri. Labda wote wawili wanayafuata matukio. Kulingana kwa orodha hakusemi nani alitangulia. Wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana 1972 walikwenda Charlotte na kuwahoji watu walewale zaidi ya mara moja, waone kipi kinatangulia kipi. Miaka ya 1980 Iyengar na Kinder wakaenda mbele zaidi: wakahariri taarifa za habari za televisheni, kundi hili likaona habari nyingi za ulinzi, lile likaona za jambo jingine, wakapima kabla na baada.

Ukiisoma hivyo, Chapel Hill, Charlotte, kisha maabara, nadharia inakuwa na mgongo. Unaona kila hatua ilikuja kwa sababu iliyotangulia ilikuwa na tundu. Halafu jiulize tundu lililobaki Nairobi ni lipi. Nani anapanga ajenda mahali ambapo habari inaanzia kwenye kundi la WhatsApp la wanakijiji, gazeti linaichukua keshokutwa, na redio ya lugha ya nyumbani inaijadili wiki ijayo?

Onyo moja la vitendo. Wengi mnaandika "nitakusanya machapisho ya X", yaani Twitter ya zamani. Kampuni ilifunga mlango wa bure wa kuchukua data mwaka 2023. CrowdTangle, chombo ambacho watafiti wengi walikitumia kwa Facebook, kilizimwa Agosti 2024. Hakikisha data unaweza kuipata kabla hujamshawishi msimamizi. Na WhatsApp usiingie kundi la watu kimyakimya ukanakili maongezi yao. Kenya mna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, sisi tuna yetu ya taarifa binafsi ya 2022. Omba ridhaa.

SautiYaMtaani254

Asante sana. Na magazeti je, nikihesabu habari, inatosha nihesabu mwenyewe?

BintiNyegezi

Kaka, hili nijibu mimi. Haitoshi. Mtafute mwenzako, mpe mwongozo wako wa kuainisha, mpe sehemu ya habari zilezile aziainishe bila kuona za kwako. Kisha mnapima mmekubaliana kiasi gani. Wengi wanatumia alfa ya Krippendorff, na mwenyewe alitaka ifike 0.80, chini ya 0.667 akasema usitoe hitimisho. Mkitofautiana sana, tatizo mara nyingi ni mwongozo wako, si mwenzako. Umeandika "habari hasi" bila kusema hasi kwa nani.

Ziwa_Kivu

Wakuu, niko Kigali kikazi, na niliwahi kusoma PhD sehemu nisiyotaja. Nimekaa nikisoma uzi huu kimya, ila Mzee amegusa jambo ambalo ni la ukanda wetu kwa uchungu wake wote. Niandike kwa utulivu.

Kila mwanafunzi wa mawasiliano duniani anajua RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Waanzilishi wake wawili, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, walihukumiwa Arusha Desemba 2003, pale kwenye mahakama ya kimataifa. Hatia ya watangazaji na waasisi ni jambo moja. Swali la mtafiti ni jingine: redio ile iliongeza kiasi gani, juu ya yale ambayo viongozi wa serikali, wanajeshi na wanamgambo walikuwa wakiyafanya ana kwa ana?

Scott Straus aliwahoji wafungwa waliokiri kushiriki. Katika makala ya 2007 akaeleza kwamba wengi hawakuitaja redio kama kilichowatoa nyumbani. Walitaja watu: viongozi, makundi yaliyopita mlango kwa mlango, hofu. Na akaonyesha kwamba redio yenyewe haikusikika kila mahali.

Kisha akaja mchumi, David Yanagizawa-Drott, makala ya 2014. Alichotumia ni milima. Mawimbi ya FM yanasafiri kwa kunyooka, kilima kikisimama katikati, kijiji cha nyuma hakisikii. Na Rwanda ni vilima kila upande. Akakokotoa ni vijiji gani vilipata mawimbi na vipi vilikingwa, kisha akalinganisha na idadi ya walioshtakiwa kushiriki kwa kila eneo. Makadirio yake ni kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki inatokana na redio ile, ikiwemo athari iliyovuka kutoka kijiji kilichosikia kwenda kwa jirani yake.

Wawili hawa hawapingani kama watu wanavyodhani. Asilimia 10 ni watu wengi mno. Na asilimia 90 iliyobaki nayo lazima mtu aieleze. Nikikutana na mwanafunzi anayeandika "RTLM ilisababisha mauaji ya kimbari" kwa sentensi moja, namrudisha akasome zote mbili.

Kuna ya tatu, na hii ndiyo ninayoipenda. Mwaka 2004 ulianza mchezo wa redio wa maridhiano, Musekeweya. Elizabeth Levy Paluck akagawa jamii kwa bahati nasibu: vikundi hivi vikasikiliza mchezo huo kwa mwaka mzima, vingine vikasikiliza mchezo mwingine kuhusu afya. Matokeo yake, ya 2009, yanasumbua. Imani za watu binafsi hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona jamii yao inatarajia nini kwao: kwamba kuoana baina ya makundi kunakubalika, kwamba mtu anaweza kupinga hadharani. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio na kanda, wakaachwa waamue nani atazitunza. Waliosikiliza ya afya haraka wakasema zikae kwa kiongozi. Waliosikiliza ya maridhiano wakabishana, kisha wakaamua kuzisimamia pamoja.

Hiyo redio ya zawadi ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote ninavyovijua katika taaluma yetu. Hakuna aliyeulizwa "je, umebadilika?"

Mzee_Antena

Ziwa Kivu, shukrani sana. Hilo la zawadi nitalitumia kufundishia.

Kinyerezi Mwisho

Mimi nilikuja kubeza lakini haya ya milima yamenikalisha chini. Digrii nzima hakuna aliyenifundisha haya.

MpareHalisi

Shikamoo wakubwa. Mimi ni mwaka wa tatu, niko kwenye andiko la utafiti sasa hivi na msimamizi ananiambia kichwa ni kipana. Kichwa changu ni "Mchango wa redio za jamii katika kuhamasisha chanjo ya HPV: Mfano wa Wilaya ya Same." Chanjo yenyewe ni ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Najua Mzee atanicheka. Nilitaka kuchukua hojaji mia.

Bao la Kete

Umejileta mwenyewe machinjioni dogo.

Mzee_Antena

Marahaba. Sikucheki, una bahati kuliko unavyojua. Umesoma aliyoandika Ziwa Kivu kuhusu vilima? Wewe Mpare unakaa kwenye nini?

MpareHalisi

Duh. Milima. Kuna vijiji upande wa pili kweli redio ile haishiki kabisa, watu wanasikiliza ya upande mwingine.

Mzee_Antena

Basi umeshapata eneo lako la kulinganishia, na limewekwa hapo na Mungu, hujamnyima mtu matangazo. Chukua vijiji vichache tu, vinavyoshika na visivyoshika. Wewe ni wa digrii, una muhula mmoja, usijifanye Yanagizawa-Drott. Tembea na redio ndogo mwenyewe ujue wapi inashika, usitegemee ramani ya kituo, kila kituo kinadai kinafika hadi Mombasa.

Sasa nijibu: kijiji cha nyuma ya mlima kisichoshika redio kina tofauti gani nyingine na kile kinachoshika?

MpareHalisi

Kiko mbali na barabara. Na zahanati. Nimeona mtego. Wakiwa na chanjo kidogo nitasema ni redio kumbe ni umbali.

Mzee_Antena

Safi. Umetumia dakika chache kufika mahali ambapo tasnifu nyingi hazifiki. Unautegua vipi?

Ziwa_Kivu

Naomba nimsaidie kijana. Tafuta chanjo nyingine ambayo redio haikuizungumzia, mathalani surua-rubela dozi ya pili, ile ya mtoto wa miezi 18. Kama vijiji vinavyoshika redio vinaongoza kwa zote mbili, basi ni barabara na zahanati. Kama vinalingana kwa surua lakini vinaongoza kwa HPV, una jambo la kusema. Ila hakikisha kweli redio haikuigusa surua, kaa kituoni usikilize kumbukumbu za vipindi kama wanazo.

BintiNyegezi

Na usisahau HPV kwa sehemu kubwa inatolewa shuleni. Ilianza kitaifa 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na 2024 ikageuzwa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Kwa hiyo kabla ya redio kuna mwalimu. Halafu kuna mzazi aliyesikia kwamba inaharibu kizazi. Mdogo wangu, hapo ndipo uketi na kina mama. Usiwaulize kama redio inasaidia. Waambie wakusimulie siku barua ya chanjo ilipofika nyumbani: nani aliisoma, nani alipinga, walimuuliza nani. Redio ikitajwa bila wewe kuitaja, andika. Isipotajwa, andika hivyohivyo.

SautiYaMtaani254

Hii imekuwa darasa. Na takwimu za chanjo anazitoa wapi, au ni kuamini mzazi?

Mzee_Antena

Vitabu vya MTUHA vya zahanati, yaani rejesta za takwimu za huduma za afya, na orodha za shule. Kwa hivyo atahitaji ruhusa ya mganga mkuu wa wilaya, juu ya barua ya chuo inayopita mkoani, wilayani, kata hadi kwa mtendaji wa kijiji. Aombe jumla za kijiji, asiombe majina ya watoto. Akiomba majina atakuwa amejitafutia safari nyingine kabisa.

MpareHalisi

Nimeandika upya, naomba mnisahihishe: "Je, vijiji vinavyoshika matangazo ya redio ya jamii Wilaya ya Same vina kiwango kikubwa zaidi cha chanjo ya HPV kuliko visivyoshika, na wazazi wanaeleza vipi uamuzi wao?" Nadharia nimeondoa matumizi na kuridhika. Nimebaki na hatua mbili ya Katz na Lazarsfeld kwa sababu nataka kuona kama redio inapita kwa mtu kwanza.

Ila swali moja: hili linahitaji kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, au cha chuo kinatosha?

Ziwa_Kivu

Unagusa afya na unagusa wazazi wa watoto wadogo. Usikisie wala usituulize sisi wa jukwaani. Peleka andiko kwa kamati ya maadili ya chuo wiki hii, uwaulize kwa maandishi kama lipelekwe NIMR, na jibu lao ulitunze kwenye viambatisho. Foleni ya vibali ndiyo inayochelewesha watu kuhitimu kuliko sura ya nne.

BintiNyegezi

Na sehemu ya pili ya swali lako, ile ya wazazi, igawe: baba na mama usiwahoji pamoja.

MpareHalisi

Sawa dada. Jumatatu naingia kwa msimamizi.

Bao la Kete

Akikataa, mwambie Jamii nzima ya mtandaoni tumeshapitisha.